Salamu Zilizotoka Fumba

Mwanangu Rahma,

Salamu za leo tushapeana, wewe kwa shikamoo na mimi kwa marahaba, pale ulipoinama kufunga viatu uende mjini kuaga. Kwa hiyo sitakwambia hali yangu wala sitauliza yako. Nyumba imenyamaza. Nimekaa ukumbini juu ya mkeka, miguu nimeinyoosha, begi lako limesimama karibu na mlango. Adhuhuri imepita na alasiri haijaadhiniwa. Ni ule wakati wa hapa kwetu Bububu ambao hata kuku hulala, na mtu akiwa peke yake huanza kusikia mambo yaliyokwisha zamani.

Kesho asubuhi unakwenda Nairobi kusomea kutengeneza filamu na vipindi vya sauti. Habari za sweta, za kula kwa wakati, za kutomwazima mtu simu yako njiani, tumezizungumza mpaka umeniambia, "Mama, nshasikia, wallahi nshasikia." Basi hizo nimeziacha. Ninalotaka kukwambia ni jingine. Kipande chake unakijua, kipande hukijui, na hicho usichokijua kinakuhusu wewe.

Unaikumbuka wiki ile ya tamasha? Ulikuwa umemaliza skuli, huna kazi, una simu yenye kioo kilichopasuka na kipaza sauti ulichokivisha kitambaa cha kanga yangu ili upepo usiingie. Tamasha lilikuwa la watu wanaojitengenezea wenyewe, bila kampuni kubwa nyuma yao: filamu za maisha ya kweli, filamu fupi, na podikasti za kusikiliza tu. Mwaka ule halikufanyika kwenye ukumbi wowote. Lilifanyika mtandaoni, kila mtu akatazama kwake, na kwetu sisi likafanyika hapa hapa, kompyuta ya kuazima juu ya sanduku la nguo la Bibi, sisi watatu chini.

Bibi yako Hidaya, mama yangu, hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Dar es Salaam. Wiki ile alikwenda kila mahali. Tuliingia kwenye nyumba ya mzee mmoja wa nchi ya baridi anayefuga nyuki, theluji imefika dirishani. Tulikaa na wanawake wanaofua mtoni, robo saa nzima hawasemi neno, maji tu yanapita. Bibi alikuwa akiwasalimia. Kila sura ikitokea, "Asalaam aleikum," kisha anakugeukia wewe: "Huyu mzee keshakula lakini? Mbona hawamwoneshi akila?" Nawe unacheka mpaka unajilaza. Mimi nilikuwa nikitoka kutazama chungu jikoni, nikirudi nakuta mmeshafika nchi nyingine. Asubuhi nikienda sokoni nilijiona natembea polepole kuliko kawaida yangu. Nilimtazama muuza mbatata akifuta mizani yake kwa kitambaa na nikafikiri, huyu naye ana habari yake. Ilikuwa wiki ya kuota macho wazi.

Siku ya tano ilikuwa zamu yako. Podikasti yako, Nusu ya Kofia, dakika kumi na nane. Hukutaka niisikie kabla. Ulisema nitaisikia pamoja na watu wote.

Ilianza na sindano. Sikujua kwamba sindano ina sauti. Nimelala na kuamka na mama yangu akishona kofia, na sikupata kuisikia ile tk ndogo inapotoboa kitambaa, na uzi unavyovuta pumzi ukipita. Wewe uliisikia. Kisha ikaja sauti yake.

"Zamani nilikuwa nashona nusu," alisema. "Duara la juu langu, ukanda wa kuzunguka wa mdogo wangu Mize. Mikono yetu ilikuwa sawa, mtu haoni pa kuungana. Kisha baba yetu akaumwa, huko Fumba, na Mize ndiye aliyekuwa akimuuguza. Hakuniita. Baba akafa sijamwona. Tangu hapo nashona kofia nzima peke yangu."

Halafu ukaacha kimya. Hukumwuliza neno. Ukaacha sindano ishone tena, muda mrefu, mpaka mwisho.

Wewe ulidhani umerekodi habari ya kofia, mwanangu. Ulikuwa umenirekodi mimi.

Niache nirudi nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikaa Ng'ambo, mama yangu na mimi, na babu yangu alikuwa Fumba kwa mama mdogo Mize. Ilikuwa likizo ya skuli na nilikuwa nimekwenda kushinda kwao siku mbili. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mama mdogo alinitoa nje mpaka penye njia, akanishika mabega. Mikono yake ilinukia ndimu, maana alikuwa akimkanda babu miguu kwa maji ya ndimu.

"Zuwena, panda gari hili hili. Ukifika usivue hata viatu. Mwambie mama yako aje leo. Leo, umesikia? Asingoje kesho."

"Naam, mama mdogo."

"Sema nilivyokwambia."

"Aje leo, asingoje kesho."

Akanikumbatia. Hakuwa mtu wa kukumbatia, na hilo peke yake lingenitosha kuelewa.

Gari la shamba likanishusha Darajani. Nyumbani ni mkono wa huku, Mji Mkongwe na sinema zake ni mkono wa kule. Na pale kwenye kivuli cha duka nikamkuta Saada, mwenzangu wa dawati moja, kajipaka wanja, ana tiketi mbili za sinema. Alikuwa aende na dada yake, dada yake kapata homa.

"Masaa mawili tu," akaniambia. "Yakizidi, nusu."

Nikajiambia babu ni mzee, na wazee huumwa kila siku. Nikajiambia nikitoka nitakwenda mbio.

Sijui nikueleze vipi sinema ya mchana ya siku zile. Unatoka kwenye jua la kuumiza macho, unapita pazia zito, na dunia inazimwa. Viti vya mbao, harufu ya njugu na ya mafuta ya nywele. Juu ya vichwa vyetu ulipita mwanga mmoja tu, na ndani yake vumbi likizunguka, likizunguka, wala halitui. Kisha wimbo ukaanza. Mwanamke wa Kihindi alikuwa akikimbia kwenye milima ya kijani na mtandio wake haukuwa na mwisho, na mimi nikawa sina jina, sina mama, sina ujumbe. Rahma, sijapata tena furaha ya namna ile, si siku ya harusi yangu wala siku uliyozaliwa. Unisamehe, lakini nimeshika kalamu niseme kweli. Ilikuwa furaha ya kutokuwepo.

Tulipotoka, magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Nilikwenda mbio kama nilivyojiahidi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ukaya wake wa kujitanda mkononi.

"Ulikuwa wapi mpaka saa hizi?"

"Gari liliharibika njiani, mama."

"Babu hajambo?"

"Hajambo."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Ningesema "aje leo," angeondoka hapo hapo, angetafuta gari la kukodi kwa majirani, na angefika huko angeuliza mtoto ametoka saa ngapi. Ningejulikana. Nikaona bora nimwambie asubuhi, ujumbe uonekane wa asubuhi. Nikala wali, nikalala usingizi mzuri. Jua halijatoka, akaja mtu wa Fumba kwa baiskeli. Alisimama nje bila kupiga hodi, na mama akajua kabla hajafungua mdomo.

Msibani, wanawake walijaa chumbani. Mimi nilipewa beseni la maji nipitishe watu wanawe mikono. Mama aliingia na uso uliovimba, akamwendea mdogo wake moja kwa moja.

"Mize, baba anaumwa mpaka anakata roho, hukuniletea hata neno?"

"Nilikuletea, dada."

"Kwa nani?"

Mama mdogo hakujibu kwa mdomo. Alinitazama mimi. Mama akayafuata macho yake mpaka yakanifikia.

"Zuwena. Mama yako mdogo alikutuma?"

"La."

Neno moja, mwanangu. Herufi mbili. Mama mdogo aliliangalia beseni mikononi mwangu. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye miguu yangu na mimi sikuyahisi. Kisha akasema taratibu, mbele ya watu wote, "Basi huenda sikutuma."

Akajibebesha. Na kuanzia siku ile dada wawili waliokuwa wakishona kofia moja hawakusalimiana tena, wala kwa harusi wala kwa maiti, miaka thelathini na zaidi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi haikuwa fupi. Niliolewa ndani yake, nikakuzaa wewe ndani yake, nikamzika baba yako, Mungu amrehemu, na bado naifuata.

Nilikuwa naota ndoto moja. Nimo sinema, viti vimejaa, na kwenye kitambaa kile cheupe hakuna milima wala wimbo. Kuna chumba cha babu kule Fumba. Babu amelala ubavu, pazia la dirisha linapumua, linaingia ndani na kutoka. Watu wote sinema wametulia wanangoja aseme. Na mimi peke yangu ndiye ninayejua anataka kusema nini, lakini nimekaa katikati ya safu, na siwezi kutoka bila kuwasimamisha watu.

Sasa turudi kwenye ile siku ya tano.

Podikasti yako ilipokwisha, walianza mazungumzo ya moja kwa moja. Sura ndogo ndogo za watu zikajaa kwenye kompyuta, kila moja kwenye kijisanduku chake. Bibi yako alikuwa amevaa kanga mpya kwa ajili yao. Wewe ulikuwa hutulii kwa furaha, kwa sababu yule mzee mtengeneza filamu, ambaye kazi zake umezitazama mpaka umezihifadhi, alikuwa azungumze juu ya kazi yako baada ya wasikilizaji. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ujia na sinia ya vikombe vya kahawa. Nilikuwa sijakaa tangu sindano ilipoanza.

Mwendeshaji akasema, "Tuna msikilizaji kutoka Fumba, hapo hapo Unguja. Bi Mize, tunakusikia."

Likatokea paji la uso. Paji tu, na ukingo wa mtandio, maana alikuwa ameisogeza simu karibu mno. Baadaye tulikuja kujua kwamba mkwewe, mwalimu wa skuli, ndiye aliyekuwa akisikiliza huku anamenya mihogo, na mama mdogo akaitambua sauti ya dada yake kutoka chumba cha pili.

"Hidaya," lilisema lile paji.

"Naam," mama akaitika. Yeye ndiye mkubwa, na aliitika kama mtoto aliyeitwa.

"Dada, nilituma."

"Mtoto alisema hukumtuma."

"Muulize tena. Sasa mtu mzima."

Mama hakugeuka mara moja. Wewe ndiye uliyegeuka kwanza, na uso wako ulikuwa wazi, hujui lolote, unauliza tu, kisha ukairudia kompyuta. Halafu mama naye akaanza kugeuza shingo. Na hapo, kompyuta ikazimika.

Betri yake ilikuwa imekufa zamani, unakumbuka, ilikuwa haiwaki ila kwa waya. Feni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama. Ulipiga kelele, "Jamani umeme! Leo! Wakati huu!" Ukachukua simu yako ujaribu kuingia kwa hiyo, ikazunguka, ikazunguka, haikufungua. Ukatoka uani, ukarudi na kusema, "Mama, mbona kwa jirani redio inalia?"

Nikakwambia, "Labda wana betri."

Umeme haukukatika, Rahma. Niliuzima mimi. Nilikuwa nimesimama chini ya swichi kubwa, ile iliyo juu ya mlango wa jikoni. Niliishika sinia kwa mkono mmoja, nikanyoosha mkono wa pili. Haikuchukua muda mrefu kuliko kusema "la."

Baada ya nusu saa nikaurudisha na kusema, "Haya, umerudi." Ulipofungua, walikuwa wameshamaliza. Wamekuandikia, "Pole sana na umeme, huyo mzee alikuwa na mengi ya kukwambia, tumemwuliza maswali yetu wenyewe." Ukaisoma mara mbili. Hukulia mbele yetu. Ulisema, "Basi, nyota yangu ndivyo ilivyo," ukafunga kompyuta, ukairudisha kwa mwenyewe kabla hata tamasha halijakwisha. Siku ya sita hatukutazama kitu.

Kisha ukaenda Darajani kuuza vifuniko vya simu. Miaka mitatu, na miezi juu yake. Kile kipaza sauti kilikaa dirishani kwako na kitambaa chake cha kanga kikapauka upande mmoja. Kila nikifagia chumba chako nilikiona. Nilikuwa nakiinua, nafuta vumbi, nakirudisha pale pale. Watu wakiniuliza, "Rahma haendelei na mambo yake yale?" najibu, "Kayachoka." Sikukuibia fedha wala dhahabu. Nilikuibia imani kwamba kitu chako kinaweza kufika mwisho bila dunia kukizima, na nilikaa nikakuangalia ukiitafuta mahali isipokuwepo.

Kipande cha Bibi yako unakijua nusu. Siku ile hakuniuliza. Alikwenda barazani, akatia uzi kwenye sindano, akashona. Siku ya pili hakuniuliza. Ya tatu hakuniuliza. Nilikuwa nakwepa macho yake na yeye hakuyatafuta yangu, na kimya kile kiliuma kuliko kiboko. Siku ya nne asubuhi wewe ulikuwa umetoka. Nilikaa chini mbele yake na nikamwambia yote: njia ya Fumba, mikono ya ndimu, tiketi ya Saada, wali niliokula. Sikulia. Nilijizuia, kwa sababu nilijua nikilia atanihurumia, na sikutaka aanze na huruma.

Alishona matundu mawili matatu. Kisha akaniuliza, "Ilikuwa nzuri?"

"Nini, mama?"

"Hiyo sinema."

Sikutegemea. Nikamwambia kweli. "Ilikuwa nzuri sana, mama. Sijaona tena kitu kizuri hivyo."

Akaitikia kwa kichwa. "Bora," alisema. "Ingekuwa mbaya ningeumia zaidi." Halafu sauti yake ikabadilika. "Na umeme?"

Nikaangalia mlango wa jikoni.

"Nilikuwa nimeshageukia ujiani, Zuwena. Niliuona mkono wako."

"Niliuzima mimi."

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Hilo la umeme mwambie mwenyewe. Mimi sikusemei. Nilikwisha kumuulizia mtu mara moja, kule msibani, nikauliza vibaya, mbele za watu. Sirudii." Akasimama, akajifunga kanga. "Sasa nipeleke Fumba."

Tulikwenda siku ile ile. Ulirudi ukakuta tumekuachia chakula na maneno kwamba tumekwenda kuzuru. Sikukuhadithia tulivyopokelewa, na ni haki yako kujua, maana wewe ndiye uliyefungua mlango ule.

Mama mdogo Mize alikuwa uani anatandaza nguo. Alituona, akaendelea kutandaza mpaka ya mwisho, akaibana na kijiti. Ndipo akaja. Hawakukumbatiana. Waliketi kwenye ngazi ya nyuma, mabega yanagusana, wakatazama nguo zikipigwa na upepo, na mama akaanza kusema habari ya bei ya kitambaa cheupe, kwamba siku hizi si cha kushikika. Mama mdogo akasema kweli, si cha kushikika. Wakazungumza kitambaa, uzi, macho yasiyoona vizuri tena tundu la sindano. Mimi nilisimama pale kama mtumwa wa hadithi, sijui pa kuweka mikono.

Mwisho nikapiga magoti mbele ya mama mdogo. Nikamwambia, "Nisamehe. Ulinituma."

Akanishika kidevu. Ukitaka kujua, mikono yake haikunukia tena kitu chochote. Ilikuwa mikavu.

"Siku ile msibani," alisema, "ulikuwa unatetemeka mpaka beseni linamwaga maji. Nikasema moyoni, nikimbana huyu mtoto sasa hivi, mama yake hatamsamehe maisha. Nimwache, atasema mwenyewe jioni. Jioni hukusema. Nikasema kesho. Kesho hukusema." Akanitikisa kidevu kidogo. "Nilikuwa nnakungoja wewe, Zuwena. Kumbe ulikuwa unaningoja mimi nife."

Ilikuwa kweli. Si kwamba nilimwombea kifo, Mungu ananijua. Lakini mahali fulani ndani yangu, chini kabisa, nilikuwa nahesabu kwamba ipo siku mmoja wao ataondoka na habari itaondoka naye.

Mama yangu hakunisamehe siku ile. Usidhani mambo yalikwisha kwa magoti. Tuliporudi, mwezi mzima hakula chakula nilichopika. Alijipikia mwenyewe, sufuria yake ndogo, mahali pake pembeni, na wewe ukadhani anaumwa tumbo. Hakunisema, hakunitukana. Alikuwa akinipa nafasi ya kuona umbali nilioutia mimi kati ya watu, alivyo mtu akila peke yake ndani ya nyumba yake. Siku moja nilikuwa nakuna nazi, akaja akachungulia na kusema, "Hiyo ya nini?" Nikamwambia ya samaki. Akasema, "Niwekee na mimi." Ndivyo alivyonisamehe.

Alipata miaka zaidi ya mitatu na mdogo wake. Ulikuwa ukimpeleka mwenyewe mara nyingine, ukirudi unaniambia, "Mama, wanagombana uzi!" na mimi nageuka nisionekane. Walishona kofia nyingi, nusu kwa nusu. Mikono haikuwa sawa tena. Mtu anaona kabisa pa kuungana, na wao walikuwa wakipaonesha watu kwa majivuno. Alipokufa mwaka jana, mama mdogo alikuwa kichwani pake kabla yetu sote.

Yote hayo yalitokana na dakika zako kumi na nane. Wewe ulikaa Darajani ukidhani hazikufika kokote.

Mwanangu, unakwenda kusomea kazi ya kuingia kwenye nyumba za watu na kinasa sauti. Sina la kukufundisha kwenye hilo, umeshanishinda. Ile siku uliyonyamaza baada ya Bibi kusema "hakuniita," ulifanya jambo ambalo mimi na mama na mama mdogo hatukulijua: kuacha nafasi bila kuijaza. Ila nakuomba, mtu anapozungumza mbele yako, umtazame na yule aliyesimama mlangoni. Kuna mtu wa namna yangu katika kila nyumba. Usimfichue. Lakini ujue yupo, na kwamba anaogopa, na kwamba pengine alikuwa mtoto.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku ile ile. Hata kama ni usiku, hata kama utapigwa. Mimi nilikuwa naogopa kiboko kimoja, na sasa sikumbuki hata kiboko cha mama yangu kilikuwa kinauma vipi.

Ulipoanza tena mwaka jana, baada ya msiba, nilikusikia chumbani ukijaribu kipaza sauti. "Moja, mbili, moja, mbili." Nilisimama ujiani nikakusikiliza mpaka ukachoka. Nikasema leo nitamwambia. Kisha barua ya skuli ya Nairobi ikaja, ukawa unaimba nyumba nzima, nikasema nisimharibie. Unaona nilivyo? Hata wema naufanyisha kazi ya woga.

Nimekusudia barua hii niitie begini mwako, chini ya nguo, uikute Nairobi. Nilikwisha kuchagua na mfuko wenyewe, ule wa ndani wenye zipu. Ungeisoma ukiwa mbali, ungekasirika ukiwa mbali, na mimi ningekuwa hapa na bahari na nchi nzima kati yetu, nikingoja simu.

Lakini alasiri imeadhiniwa muda sasa, na nikiwa naandika haya nimeyasikia tena maneno ya Bibi yako kama alivyoyasema. Alisema nikwambie. Hakusema nikuandikie.

Nasikia lango. Ni wewe, unazungumza na jirani, unacheka, unamwambia eti utamletea zawadi. Nitakwita. Utaitika naam. Nitakwambia ukae hapa mkekani, na nitaanza na habari ya umeme kwanza, kabla ya yote, kwa mdomo wangu, huku naona uso wako. Ukikasirika, kasirika mbele yangu. Tuna jioni nzima. Karatasi hizi nitakupa baadaye, uwe nazo, kwa yale nitakayoshindwa kuyasema.

Umefika mlangoni. Naiweka kalamu chini.

Mama yako,
Zuwena